Nitungeje chemsha bongo ya magiki inayopima ujuzi badala ya kukariri?

Swali la msomaji: "Mimi ni katibu wa klabu ya kompyuta chuoni kwetu, tuko wanachama kama 30. Mara mbili tumefanya chemsha bongo ya madokezo ya magiki, yaani wapenzi wa kompyuta, gemu na hadithi za kubuni: 42, 404, Star Wars, gemu za zamani, anime. Mara zote ameshinda mtu yule yule, na wenzake wanadai amekariri tu orodha za mtandaoni. Wengine wanalalamika kuwa maswali ni ya Wamarekani. Nitunge vipi maswali yanayoonyesha nani anajua kweli?"

Ndugu katibu, wenzako wana hoja, ila mshindi hana kosa. Amejibu ulichouliza. Ukiuliza "42 imetoka wapi?" unapima kama mtu amewahi kuona namba na jina la kitabu vikiwa pamoja, na jozi za aina hiyo mtu hukariri mia mbili kwa usiku mmoja. Dokezo ni kitu kingine. Ni neno, namba au alama ambayo mtu huirusha mbele ya watu akijua kuwa wenye kuifahamu watatabasamu na wengine watapita tu. Anayelijua dokezo anaweza kukueleza linafanya kazi gani mahali lilipotumika. Pa kupimia ni hapo.

Tuanze na hiyo 42. Mwaka 1978 redio ya BBC ilirusha mchezo wa Douglas Adams, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, uliokuja kuwa kitabu, ambamo kompyuta iitwayo Deep Thought inafikiri miaka milioni 7.5 ili kupata jibu la swali kuu la maisha, ulimwengu na kila kitu. Jibu linatoka: 42. Hapo ndipo wanagundua kuwa hakuna anayelijua swali lenyewe. Kutokana na kisa hicho unaweza kutunga maswali matatu yenye uzito tofauti kabisa. La kwanza: 42 ilitokea katika kazi ipi? Hilo ni la kukariri. La pili: walipopewa jibu la 42, walikwama wapi? Hapo aliyekariri orodha anaanza kutafuta maneno. La tatu liwe hivi:

"Umefungua programu ya Python ya kufundishia mashine, ukakuta mstari random_state=42. Mwenzako anabadilisha 42 kuwa 7. Je, ameharibu kitu? Na mwandishi aliweka 42 kwa nini?"

Jibu lina sehemu mbili, kila moja alama 1. Hajaharibu kitu: namba ile ni mbegu ya kufanya bahati nasibu ya kompyuta ijirudie vilevile kila programu ikiendeshwa, na namba nzima yoyote isiyo hasi ingefaa, ingawa matokeo yanaweza kusogea kidogo. Na 42 imewekwa kama salamu kwa wenye kuijua. Mtu aliyekariri jina la kitabu atapata alama ya pili pekee. Mwandishi wa programu asiyejua kisa atapata ya kwanza pekee. Anayepata zote mbili ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Katika kila maswali 10, weka 3 ya aina ya kwanza, 4 ya aina ya pili na 3 ya aina ya tatu. Yale mepesi usiyaondoe. Mgeni wa klabu akikaa saa nzima bila kupata hata moja, hatarudi.

Sasa jambo ambalo watungaji wengi hulipuuza na ndilo linaloleta ugomvi ukumbini: ukweli wa swali lenyewe. Hadithi za magiki husambaa kwa kunakiliana, na nyingi zimepinda njiani. Ukilinakili kosa, aliyekariri kosa lilelile atapata alama na anayejua ukweli atakosa. Chemsha bongo yako itakuwa inampa adhabu mjuzi.

Mfano mzuri ni 404, namba inayotokea ukurasa wa wavuti usipopatikana. Utakuta imeandikwa kwamba inatokana na chumba namba 404 huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, kilichokuwa na seva ya kwanza ya wavuti. Ni uzushi, na Robert Cailliau, aliyefanya kazi pale na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, ameukanusha. Ile 4 ya mwanzo ni kundi la makosa ya upande wa anayeomba ukurasa, na 04 ni nafasi yake katika kundi hilo. Kwa hiyo usiulize "404 ilikuwa namba ya nini?" Uliza: "Kivinjari chako kimeonyesha 404, cha mwenzako kimeonyesha 500. Nani kati yenu aanze kukagua anwani aliyoandika?" Jibu ni wewe mwenye 404, 500 ni hitilafu ya ndani ya seva.

Maswali ya "nani wa kwanza" yaepuke kama mtu anavyoepuka shimo barabarani. "Yai la Pasaka la kwanza katika gemu, yaani siri iliyofichwa na mtengenezaji, lilikuwa wapi?" Wengi watakujibu Adventure ya Atari, ambamo Warren Robinett alificha chumba chenye jina lake kwa sababu kampuni haikuwa ikitaja majina ya watengenezaji. Kisa ni cha kweli, na neno lenyewe la mayai ya Pasaka lilianzia kwenye chumba hicho. Lakini baadaye yaligunduliwa maficho ya zamani zaidi, likiwemo la gemu ya Starship 1 ya 1977. Kibadilishe kiwe: "Robinett alificha jina lake kwa sababu gani?" Hilo halitapinduliwa na ugunduzi wowote ujao.

Vilevile "bug", neno la Kiingereza la hitilafu, lenye maana ya mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa kompyuta ya Harvard Mark II walikuta nondo amenasa kwenye swichi ya umeme, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba ni mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana. Ukiuliza "Nani alibuni neno hilo?" na ukatarajia mwanasayansi wa kompyuta Grace Hopper, umekosea: Thomas Edison alikuwa akilitumia kwa hitilafu za mitambo tangu miaka ya 1870. Tena maandishi ya daftari hayachekeshi mpaka ujue kuwa neno lilikuwepo tayari. Swali la kweli ni hili: "Kwa nini aliyeandika alisisitiza kuwa mdudu ni halisi?"

Maneno ya filamu ndiyo hatari zaidi. Katika ile sentensi maarufu ya Darth Vader katika Star Wars ya 1980, ambayo kila mtu huiigiza, jina "Luke" halimo. Anaanza kwa kukanusha, kisha anasema yeye ndiye baba yake. Ukiuliza sentensi hiyo neno kwa neno, hakikisha umeisikiliza kwenye filamu yenyewe.

Halafu kuna maswali yenye jibu zaidi ya moja. "Tarehe 25 Mei magiki huadhimisha nini?" Ni siku ya fahari ya magiki, iliyoanzia Hispania mwaka 2006, ikachaguliwa kwa sababu Star Wars ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977. Pia ni siku ya taulo, ya kumkumbuka Douglas Adams, inayoadhimishwa tangu 2001. Wasomaji wa Terry Pratchett nao wana yao siku hiyohiyo. Na ukumbini kwako atanyoosha mkono mtu aseme ni Siku ya Afrika, kwa kuwa OAU ilianzishwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963, naye hajakosea. Swali kama hilo ligeuze faida: "Taja maadhimisho mawili ya tarehe 25 Mei, ueleze kila moja linatokana na nini."

Malalamiko ya umarekani yana pande mbili. Upande wa kwanza ni lugha na jinsi watu walivyokutana na kazi hizi. Wengi wa rika lenu na walio juu yenu waliziona filamu zikiwa zimesimuliwa juu kwa Kiswahili, kwa sauti ya DJ Afro kule Kenya au Lufufu hapa Tanzania. Anaijua hadithi, anawajua wahusika, ila sentensi ya Kiingereza hajawahi kuisikia. Ukimuuliza sentensi, unapima kanda aliyoangalia. Uliza tukio: nani alimwambia nani, wakati gani, na likabadilisha nini. Kwa anime ni hivyo hivyo. Kule kwenye Dragon Ball Z Vegeta anaposhtushwa na nguvu za Goku, sauti ya Kiingereza inasema zimepita 9000, ya Kijapani inasema 8000. Msahihishaji asiye na namba zote mbili kwenye karatasi yake atamnyima alama mtu aliyeangalia ya asili.

Tafsiri nayo ina mitego. Hebu tazama lile swali la Mark II: "Ndani ya mtambo walikuta nini?" Jibu ni nondo, na nusu ya ukumbi itaona chuma cha zege. Andika "mdudu wa aina gani". Mtego mwingine ni 418. Tarehe 1 Aprili 1998 Larry Masinter alitoa waraka wa mzaha, RFC 2324, unaoweka kanuni za kuamuru vyombo vya kahawa kupitia intaneti. Chombo cha chai kikiombwa kipike kahawa, kijibu 418, yaani mimi ni cha chai. Watafsiri wengi huandika "birika", na mzaha unakufa, kwa sababu birika la kwetu huchemsha maji ya chai na ya kahawa bila ubaguzi. Neno lake ni buli. Na mtu wa pwani atalielewa mara moja ukimwambia kuwa aliyeomba alipaswa kuliendea dele la kahawa, akaliendea buli.

Upande wa pili ni yaliyomo. Hapa kuna hazina ambayo orodha za mtandaoni huigusa kidogo tu: Kiswahili kimo ndani ya utamaduni huu tangu zamani. Jina la Luteni Uhura wa Star Trek, iliyoanza kurushwa 1966, limetokana na uhuru. Jina lake la kwanza, Nyota, lilisikika kwenye skrini kwa mara ya kwanza katika filamu ya 2009. Joomla, programu ya kuendeshea tovuti iliyojitenga na nyingine iitwayo Mambo mwaka 2005, ni jumla iliyoandikwa kwa tahajia ya kigeni. Jenga, mchezo wa kupanga vipande vya mbao, ilizinduliwa London mwaka 1983 na Leslie Scott, aliyezaliwa na kukulia Afrika Mashariki. Ina vipande 54 katika safu 18. Wimbo Baba Yetu wa gemu ya Civilization IV, uliotungwa na Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana, ulitunukiwa Grammy mwaka 2011, tuzo ya kwanza kwa muziki wa gemu. Na yule rubani mwenza wa Lando katika Star Wars ya 1983, Nien Nunb, alipewa sauti na Mkenya, Kipsang Rotich; waliokuwa wakijua Kikuyu walielewa sehemu ya maneno yake huku wengine wakidhani ni lugha ya sayari ya mbali.

Yapandishe maswali haya ngazi kama mengine. "Joomla maana yake nini?" ni zawadi kwa Mswahili yeyote. "Kundi lililojitenga na Mambo lilitaka kusema nini kuhusu umiliki wa programu lilipochagua neno hilo?" lina uzito: jumla ni wote pamoja, na mzozo wao ulikuwa juu ya nani aiongoze programu huria. Lakini maswali 6 kati ya 40 yanatosha. Ukizidisha, unapima Kiswahili. Angalia pia usivae vya wenzetu: Ubuntu, jina la mfumo endeshi wa kompyuta, ni neno la lugha za Kinguni za kusini, na lugha inayosemwa Wakanda katika Black Panther ni Kixhosa.

Kuhusu maswali ya kuchagua, kazi iko kwenye majibu yasiyo sahihi. Kila jibu potofu liwe na sababu ya kumvuta mtu. Jina la lugha ya Python limetoka wapi? A, chatu. B, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. C, joka la visasili vya Kigiriki. D, mbwa wa mtunzi. Jibu ni B: Guido van Rossum alikuwa shabiki wa Monty Python. A inavuta kwa sababu nembo ina nyoka wawili. C inamvuta msomaji wa visasili. D haimvuti mtu, kwa hiyo swali lako lina machaguo matatu tu na bahati ya kubahatisha imepanda kutoka asilimia 25 hadi 33. Kama huna jibu la nne la maana, acha matatu na ujue hivyo unapohesabu. Urefu nao husaliti: watungaji huandika jibu sahihi kwa maelezo mengi kuliko yale mengine, na mtu asiyejua chochote huchagua refu kuliko yote.

Kwa watu 30 na saa moja na nusu, maswali 40 yanatosha: 14 ya kompyuta na intaneti, 10 ya gemu, 8 ya filamu na televisheni, 8 ya vitabu, vibonzo na anime. Tunga 55, maana mengine yatakufa kwenye majaribio. Wape watu 5 wasioshiriki, wawili wajuzi na watatu wa kawaida. Swali ambalo wajuzi wote wawili wamelikosa, kagua jibu lako kabla ya kuwakagua wao. Swali ambalo wote watano wamelipata, lipeleke raundi ya kwanza au lifute.

Baada ya shindano usitupe karatasi. Panga washiriki kwa alama, chukua 8 wa juu na 8 wa chini, ambao ni takriban asilimia 27 ya 30, kiwango kinachotumiwa na wapima mitihani tangu Truman Kelley alipokieleza mwaka 1939. Kwa kila swali, toa waliopata wa chini kutoka waliopata wa juu, gawa kwa 8. Tuseme swali la 404 na 500 limepatwa na 7 wa juu na 2 wa chini: 5 kwa 8 ni 0.63, swali zuri sana. Swali la mwaka filamu fulani ilipotoka limepatwa na 3 wa juu na 4 wa chini: unapata hasi 0.13. Swali hilo linawapendelea wasiojua, na mara nyingi sababu ni jibu bovu kwenye karatasi ya msahihishaji au maneno yenye maana mbili. Kuanzia 0.3 kwenda juu litunze. Chini ya 0.2 liandike upya. Kwa watu 30 namba hizi ni dalili tu, mtu mmoja akibadilika zinayumba, ila zikirudia vilevile mara ya pili ziamini.

Ukumbini, simu ziwekwe kwenye kapu mbele. Zaidi ya hapo, kinga ya kweli ni muda: sekunde 30 kwa maswali ya kukumbuka, 90 kwa yale ya kueleza. Weka pia maswali mawili au matatu ya vitendo. Mpe mtu karatasi achore mishale ya siri ya kampuni ya gemu ya Konami, ambayo Kazuhisa Hashimoto aliiweka katika Gradius ya 1986: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Alama 1 kwa mpangilio kamili, na 1 akieleza inampa nini mchezaji wa gemu ya Contra kwenye mashine ya NES, yaani maisha 30. Atakayeongeza kitufe cha kuanzia mwishoni mwake asinyimwe alama. Vidole vya wengi vimezoea hivyo, kwa kuwa ndicho kinachobonyezwa ili gemu ianze.

Kila swali liwe na kadi yake, na kadi iandikwe kabla ya siku ya shindano. Ya 418 iwe hivi. Swali: seva imejibu 418, ilikuwa imeombwa nini, na kwa nini ilikataa? Yanayokubalika: iliombwa kupika kahawa, nayo ni buli, "chombo cha chai" au "tipoti" pia sawa. Nusu alama: anayesema ni mzaha wa Sikukuu ya Wajinga bila kueleza. Yasiyokubalika: "hitilafu ya seva", kwani kundi la 4 ni la anayeomba. Kilichokaguliwa: RFC 2324 yenyewe, pamoja na RFC 9110 ya 2022, ambayo imeiacha namba 418 bila kazi ili isipewe kazi nyingine. Mwishoni tarehe ya ukaguzi na jina la aliyekagua, awe mtu mwingine kuliko aliyetunga.